Kamati ya Kutambua Watu Wazima

Wananchi wote wa lokesheni yetu, kuanzia Kiptere hadi kule mtoni, wanatangaziwa kwamba Januari 1995 Serikali ilimaliza kabisa suala la matunzo ya watoto. Serikali hapa ni Chifu Mathew. Mimi ni karani wake.

Chifu aliachana na Janeffer miaka kadhaa iliyopita, na wazee wakamwamuru ampelekee mtungi wa maziwa kila asubuhi kwa ajili ya watoto wao wawili: Kipkosgei, na dadake mdogo, Fancy, ambaye hajaanza shule. Desemba 1994 Kipkosgei akaenda jandoni. Alipotoka, Chifu aliunda kamati, akajiteua mwenyekiti, na kikao kikapitisha, kwa muhuri wa Chifu, kwamba kijana ni mtu mzima. Mtungi ukapunguzwa hadi nusu. Uongozi wa namna hii haupatikani kila mahali.

Janeffer akaja ofisini, uso umekunjana.

"Chifu, kijana alikuwa anakunywa turungi tu, chai bila maziwa. Hiyo maziwa yote ilikuwa ya Fancy. Sasa huyu mtoto atakunywa nini?"

"Mama, mtoto mmoja, nusu mtungi. Karani, andika."

Nikaandika. Nilimwonea huruma pia, lakini huruma haikuwa kwenye ajenda.

Jumatatu Kipkosgei akaingia na Mzee Isaiah, mlezi wake wa jandoni. Akaketi bila kungoja kuambiwa.

"Baba, asante kwa kunitangaza mtu mzima. Nimekuja kuchukua ng'ombe yangu."

Kwa desturi yetu, kijana akitoka jandoni babake humpa ng'ombe. Kamati haikuwa imejadili kipengele hicho. Na Chifu alikuwa na mmoja tu aliyekuwa akikamuliwa, yule wa gredi, wa kizungu.

"Wewe bado ni mtoto," Chifu akasema haraka.

"Hapana, Chifu," akasema Mzee Isaiah. "Mtu akishatoka huko harudi utotoni. Na muhuri ni wako."

Ng'ombe akaswagwa mchana kweupe hadi kwa Janeffer. Chifu akaitisha kikao cha dharura ili kijana arudishwe utotoni. Alipata kura moja, yake mwenyewe.

Siku hizi Fancy anakunywa maziwa mpaka anayaacha. Ofisini tunakunywa turungi. Wiki jana Chifu alinituma kwa Janeffer na kikombe, kwa heshima zote.

"Huyo Chifu ako na miaka ngapi?" Janeffer akauliza.

"Hamsini na mbili, mama."

"Basi ni mtu mzima. Mwambie apange laini nyuma ya ndama."

Nikapeleka ripoti hiyo neno kwa neno. Chifu akaniuliza kuna ndama wangapi.