Bendi ya Watoto Watano Iliyojaa Jukwaa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kikao cha walimu. Nimeingia nikiwa mkuu wa bendi ya shule, nimetoka sijui mimi ni nani. Mwalimu Mkuu amesema mbele ya wote kwamba bendi ya watoto watano si bendi, ni familia. Walimu wakaangua kicheko. Bi Noti, mwalimu wa kwaya, hakucheka. Alitabasamu tu, na hilo ni baya zaidi. Kwaya yake imefurika mpaka watoto wanaimbia nje kwenye ujia. Kwa hiyo chumba cha muziki atapewa yeye, isipokuwa kama nitaonyesha kufikia Ijumaa kwamba nina bendi ya kueleweka. La sivyo, matarumbeta yaende stoo pamoja na viti vibovu.

Stoo! Matarumbeta niliyoyang'arisha kwa shati langu mwenyewe!

Halafu pigo la pili. Mwalimu wa kompyuta amejifungua, na darasa lake la wanaoanza kuhariri picha nimetupiwa mimi. Nikauliza kwa nini mimi. Mkuu akanikumbusha kwamba niliwahi kujigamba kuwa kompyuta naichezea kama kinanda. Ulimi umeniponza. Nikasema nashukuru.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Somo la kwanza. Nilisoma kurasa chache za kitabu cha kompyuta wakati wa chai, nikaingia darasani kifua mbele. Nikataka kuwaonyesha ukutani, kwa projekta, jinsi ya kupunguza giza kwenye picha ya Mwalimu Mkuu. Nikabofya. Mkuu akawa kijani. Nikabofya pengine. Akawa kichwa chini, pale ukutani, mkubwa kama mlango. Darasa hoi kwa kicheko. Ndipo mlango wenyewe ukafunguliwa. Mkuu! Amekuja kuona ninavyoendelea. Alijitazama, akanitazama, akaufunga mlango taratibu. Heri angepiga kelele.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuoa mke, nilioa mtazamaji.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Siku mbili za kusaka wanamuziki. Nimetangaza mstarini, nimebembeleza, nimetisha. Walikuja tisa. Wanne walidhani ni mpira. Waliobaki niliwaonyesha Tembo, lile tarumbeta kubwa la kujiviringisha mwilini. Nikaligeuza kumwaga mate ya wiki nzima, yakamwagikia kiatu cha mmoja wao. Wakatoweka wote.

Basi nimebaki na watano wangu. Kimbunga, binti mdogo mwenye mapafu ya farasi, tarumbeta. Mapacha, ngoma. Plasta, ambaye ana plasta kwenye paji la uso tangu nimjue na hakuna aliyewahi kuona kidonda, klarineti. Na mtoto wa Tembo, ambaye sisi tunaona miguu yake tu.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Leo kwenye kompyuta tulikuwa tunajifunza kunakili na kubandika. Kitabu kimetoa mfano wa ua moja linalogeuzwa bustani. Nikasimama kama aliyepigwa shoti. Ua moja, bustani! Papo hapo nikawapa zoezi: chukueni picha ya bendi yangu, muiongezee watu. Atakayejaza jukwaa bila kushtukiwa, alama zote.

Sijawahi kuona watoto wakinyamaza vile. Hata kengele hawakuisikia.

Mke wangu ameuliza ni nini kitatokea watu wakitaka kuisikia hiyo bendi. Nimemwambia picha haipigi muziki, Mama Watoto. Amesema ndiyo maana anauliza. Wanawake na mambo yao.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Ushindi!

Kazi nyingine zilikuwa vituko. Moja ilikuwa na mpiga ngoma mwenye mikono mitatu. Lakini moja ilikuwa safi kabisa: safu juu ya safu, Plasta amegeuzwa kama kwenye kioo, plasta kulia, plasta kushoto, nywele zimebadilishwa. Nyuma, msitu wa Tembo na miguu.

Mkuu aliitazama akaniomba radhi. Mbele ya walimu! Chumba kimebaki changu. Bi Noti aliishika picha muda mrefu mno, akaniambia, "Hongera, Mwalimu. Watoto wako wanafanana sana." Nikamjibu kwamba muziki huwaunganisha watu.

Wivu tu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimekwisha.

Mkuu, kwa furaha yake, ameipeleka ile picha kwa Afisa Elimu. Nani alimtuma? Afisa amevutiwa. Anakuja Ijumaa kuisikiliza bendi. Mkuu ananipa habari meno yote nje. Nikasema huenda watoto watakuwa na mitihani. Akasema hakuna mitihani. Nikasema huenda watakuwa na mafua. "Wote, Mwalimu?" akauliza.

Kibarua changu kitaota nyasi. Mke wangu hakusema "nilikuambia". Amenipakulia chakula tu, huku akiimba kwa raha. Inauma zaidi.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Nimepata njia. Darasa zima la kuhariri picha litapanda jukwaani! Stoo ina matarumbeta mabovu ya kutosha, nimeyaziba matambara kooni yasilie. Waliokosa tumewakatia ya kadibodi, tukayapaka rangi ya dhahabu. Amri ni moja: shavu lijae, pumzi isitoke. Watano wangu ndio watakaopiga.

Tatizo ni kwamba ukimpa mtoto tarumbeta na kumkataza kupuliza, ni kama umempa kuku mahindi ya kulinda. Mazoezi yote nilikuwa nafoka. Koo limekauka.

Bi Noti alipita, akasimama dirishani, akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia bendi yangu imejaa, ahsante. Akasema anaona.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Niandike upesi kabla sijajifunika shuka.

Ukumbi umejaa. Afisa mbele kabisa, picha yangu mkononi. Kwaya ya Bi Noti imekaa pembeni kama watazamaji. Nikainua fimbo. Mwanzo ulikwenda vizuri ajabu. Kimbunga alipuliza kama aliyezaliwa na tarumbeta, mapacha wakamfuata, mashavu ya wengine yakajaa kama maputo. Nikaanza hata kufumba macho.

Safu ya tatu, pumzi ikamshinda mmoja. Akapuliza kweli. Tambara likachomoka kama risasi, likapaa juu ya kichwa changu, likatua kwenye paja la Afisa. Likiwa limelowa.

Wenzake wakaona kumbe inawezekana. Matambara yakaanza kuruka kama ndege. Wa kadibodi, kwa kuona wamepitwa, wakaimba parapapa kwa midomo. Tembo akaanguka na mtoto wake ndani. Nilipunga fimbo wanyamaze, wakadhani nataka zaidi.

Kisha kimya. Mkuu amejifunika uso. Na katika kimya kile, Kimbunga peke yake akaendelea. Hakuangalia mtu. Alitoa wimbo ule ule, polepole, kila noti imekaa mahali pake, mpaka nywele zikanisimama. Mapacha wakamrudia. Plasta naye. Ndipo Bi Noti akasimama kule pembeni, akainua kidole kimoja tu, na kwaya yake ikaingia chini ya tarumbeta lile kama sakafu. Ukumbi mzima ukasimama.

Nakiri machozi yalinitoka. Ni vumbi.

Baadaye Afisa akaifunua picha na kuwaangalia watoto jukwaani. Akasema yeye si mjinga, anaona kuna waliobandikwa. Akanyoosha kidole kwenye picha. "Hawa wawili hapa. Mmenakili mmoja."

Mapacha! Watu pekee halali katika picha nzima! Mama yao akainuka kule nyuma, akasema yeye aliwazaa wote wawili na uchungu anaukumbuka. Ukumbi ukalipuka. Na Plasta, badala ya kukaa kimya, akanyoosha mkono kwa fahari: "Mimi ndiye niliyebandikwa, mheshimiwa! Niko kila safu!"

Mkuu aliniita ofisini. Sitaandika yote. Bendi inabaki kwa sababu ya Kimbunga, lakini imeunganishwa na kwaya. Mkuu wake ni Bi Noti. Mimi msaidizi. Na niwaombe radhi watoto kwa kuwafundisha uongo na kuupa alama.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Nimelala, nimeamka, nimefikiri kwa kina. Mtu mzima hujifunza kutokana na makosa yake.

Bi Noti amenipigia. Sauti ya upole, inakera. Anasema kundi jipya litapeleka wimbo uliorekodiwa kwenye mashindano, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta, nishughulikie kurekodi. Amenisihi iwe sauti yao halisi, na makosa yao yote. Nimemwahidi.

Sasa kosa langu naliona wazi kabisa: nilitumia picha. Picha kila mwenye macho huikagua. Lakini sauti? Nimekisoma kitabu mpaka mwisho, na kumbe hata sauti hunakiliwa na kubandikwa. Kimbunga mmoja, mara ishirini! Nani atawahesabu?

Jumatatu naanza kufundisha kuhariri sauti. Mke wangu ameuliza mbona nacheka peke yangu.