Tano na Arobaini

Jumatatu, 9 Septemba

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Namba za Kijerumani zinanishinda! Nyumbani Kifaransa, shuleni lugha zote mbili, na hapa Biel, Uswisi, kila mtu anaamini nimeiva kotekote. Lakini Kijerumani hutanguliza mamoja, makumi nyuma: tano na arobaini. Mkono wangu huandika kilichotangulia. Nikipotea siulizi. Naitikia kwa kichwa.

Leo Mwalimu Gygax wa karakana ya saa katangaza: Ijumaa wazazi wanakuja. Wanagenzi ni wawili, Reto na mimi, kila mmoja na roboti yake. Kamera itafute kijiwe chekundu, kidogo kuliko punje ya chumvi. Kibano kikiokote, kikipachike kwenye tundu la bamba la saa. Atakayepachika vingi ataenda na roboti yake maonyesho ya Bern. Lazima niwe mimi! Reto kacheka: we bubu, huko Bern utawahutubia kwa nyusi?

Jumanne, 10 Septemba

Mwalimu kapaza sauti toka mlangoni: taa ya kamera, tano na arobaini! Nikaandika chap: 54. Akauliza kama nimesikia. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 11 Septemba

Aibu! Taa kali mno. Kijiwe kinametameta, kamera yangu inaona viwili, kibano kinaenda katikati kuokota hewa. Kijiwe kimoja kikafyatuka. Hatujakiona tena, Mwalimu alikuwa anakunywa kahawa. Reto kasema roboti yangu imelewa. Mwalimu akauliza kama nimeweka namba aliyonipa. Kichwa kikaitika chenyewe.

Alhamisi, 12 Septemba

Mbinu! Nimemletea Reto mkate wa chumvi, ule wenye punje juu. Zimdondokee mezani, kamera yake iokote chumvi! Akashukuru, akaenda kuula nje, akanawa mikono. Muungwana, mshenzi yule! Mimi ndiye niliyekula wangu mezani. Roboti yangu imepachika chumvi kwenye saa. Imekaa barabara. Lakini chumvi.

Ijumaa, 13 Septemba

USHINDI! Wazazi wakajazana dirishani, wakaziba mwanga wote. Kamera ya Reto giza totoro. Kibano chake kikapapasa kama mtu anayetafuta soksi. Na yangu, yenye taa kali? Kijiwe kimoja, safi! Tundu, tap. Tundu, tap! Mama akaanza makofi, karakana nzima ikafuata. Mwalimu akasoma namba yangu: nne na hamsini?! Akatazama dirisha. Akanitazama. Akauliza, sauti chini: binti, ulijua kwamba watu wataziba mwanga?

Ningekataaje? Nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtaalamu. Hata Reto kanipa mkono: haya bubu, umetuweza.

Mwalimu akanitajia siku ya Bern: Oktoba, tarehe tatu na ishirini. Nikaandika chap: 32. Akauliza kama nimeelewa. Vizuri sana, kikasema kichwa.

Kalenda ya ukutani inaishia thelathini na moja. Tulipewa bure na duka la jibini, haiaminiki.

Nyayo ngazini! Mama. Anataka kujua Bern ni tarehe ngapi. Hilo haliitikiwi kwa kichwa. Naficha uk