Televisheni Isiyowafaa Wagonjwa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, saa nne asubuhi, pale Mkuu wa zahanati alipokata utepe mbele ya televisheni. Dawa za maumivu zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa nne, na kipimo cha presha kilikuwa kimefungwa plasta kisiachane. Lakini wakubwa walikaa kikao, wakafikiri sana, wakaona kinachowaua wagonjwa ni kukosa cha kutazama.

Kati ya waliopiga makofi alikuwepo Mkaguzi. Jina hilo alijipa mwenyewe. Hakuwa mgonjwa, aliingia kukwepa jua. Alivaa shati la kaki lenye kalamu mbili mfukoni na futi ya fundi cherehani, na kwa vifaa hivyo alishakagua majenereta, visima na ng'ombe mmoja. Shida yake ilikuwa nyumbani. Mkewe alikuwa amerudi kwao, na mama mkwe alishatoa tamko: nyumba isiyo na televisheni, binti yangu hakanyagi. Naye Mkaguzi alimpenda mkewe kweli. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulidanganya. Na mke akiondoka kwa miguu yake bado una bahati, unaweza kumfuata. Wapo waliotolewa kwa machela kwenye zahanati kama ile, na hakuna mkubwa aliyekuja hata kutoa pole.

Wiki iliyofuata alimkuta Mkuu ukumbini, akiitazama ile televisheni kama mtu anayetazama sahani ya jirani.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuikagua."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Walionituma hawapendi kutajwa."

Mkuu, ambaye naye alikuwa na watu wa namna hiyo, akampisha. Mkaguzi akapima kioo kwa futi, akakaa benchi la mbele, akahamia la pembeni, akainamisha shingo, akaguna.

"Si mbaya, mzee, wala si nzuri sana. Ni ya katikati. Ukikaa mbele yake, picha safi, unahesabu nywele za msomaji wa habari. Intaneti inashika, filamu zimo, mpira umo. Lakini njoo huku pembeni. Unaona sura zilivyopauka?"

"Kama wagonjwa wenyewe," akasema Mkuu.

"Halafu mwanga. Hapa pana madirisha sita, jua likiingia, kioo kinageuka cha kujitazamia. Na sauti nyembamba, akilia mtoto mmoja tu imekwisha. Hii haiwafai wagonjwa, mzee. Hii inataka sebule."

"Sebule ya nani?"

"Sebule yoyote yenye mapazia."

Mkuu alikuwa na mapazia. Akaenda kufunga mlango, akarudi taratibu.

"Sasa kijana wangu, kitu kisichofaa hapa kinafanywaje?"

"Kinaandikwa kibovu, unasaini, kinaondolewa."

"Na kinaondolewa kupelekwa wapi?"

"Hapo, mzee, mimi huwa sisikii vizuri."

Wakaelewana. Mkaguzi akaandika kuwa kifaa ni hatari kwa macho ya wagonjwa, Mkuu akasaini kwa huzuni kubwa. Kwa kuwa mkubwa haonekani na mzigo njiani, Mkaguzi alipewa kazi ya kuufikisha kwa mkokoteni, jioni, mlango wa nyuma wa nyumba ya Mkuu. Mkokoteni ulifika mlango wa nyuma kweli, ila wa mama mkwe.

Simu ikalia. "Iko wapi?" akauliza Mkuu.

"Ipi, mzee? Ile mbovu? Si imetupwa, na umesaini mwenyewe?"

Mkuu akakata simu. Angemshitaki kwa nani, na aseme ameibiwa nini?

Kwa mama mkwe ilikuwa furaha. Shemeji aliitundika ukutani, akaiunganisha na intaneti ya simu yake. Mke alishafunga begi, ameliweka karibu na mlango, na alikuwa akimtazama mumewe kama zamani. Wakanywa chai, maongezi yakanoga, televisheni ikasahauliwa.

Televisheni hizi za kisasa zikisahauliwa huanza kuonyesha picha za mwenyewe. Na siku ile ya utepe, Mkuu aliiunganisha na simu yake, ikameza picha zake zote, na za utepe humo. Akatokea Mkuu ndani ya bwawa la kuogelea. Akatokea Mkuu amekumbatia gari. Kisha akatokea Mkuu na mkasi mkononi, na nyuma yake benchi zima la wagonjwa.

"Simamisha hapo," akasema mama mkwe, ambaye kila mwezi alikwenda kupima presha. "Yule mwenye kitenge cha kijani si mimi?"

Shemeji akasogelea kioo. Alikuwa yeye, amekaa chini ya televisheni hiyohiyo.

Mke aliinuka, akachukua begi lake, akalirudisha chumbani.

"Basi, mama," akasema Mkaguzi, "nipeni televisheni yangu niondoke."

"Yako? Sawa, baba. Ngoja nivae viatu tuirudishe wote zahanati, mchana kweupe, watu wakuone."

Mkaguzi akaweka kikombe chini.

"Au iache hapa," akaendelea mama mkwe. "Picha yake nimeipenda. Sikukuahidi kumrudisha binti yangu, nilisema nyumba isiyo na televisheni haendi. Na kwako bado haipo."

Alitoka na mkokoteni mtupu. Wakubwa walipouliza televisheni yao iko wapi, Mkuu, kwa adhabu, alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, ndivyo wanavyoadhibiana.

Mwezi uliofuata foleni ya presha ilikuwa ndefu. Ukutani kulibaki misumari minne. Muuguzi akawaeleza kwamba kifaa kilikaguliwa na mtaalamu, kikakutwa kibovu, kikatupwa. Mama mkwe alikuwa benchi la mbele, akijifunga kitenge upya. Mzee mmoja wa benchi la pembeni akakohoa, akauliza:

"Sawa, binti, kilikuwa kibovu. Sasa rimoti waliibebea nini?"