Programu Inayoogopa Wazee

Jumatatu, 3 Juni

Programu imejifunga tena. Nilikuwa nimeshaingiza wakulima wa kitongoji kizima, Mzee Manase akaja kuulizia zamu yake. Nikasimama, nikampa shikamoo kama nilivyolelewa. Kugeuka, programu imekufa na imeitema flashi. Inaning'inia kifuani kwangu kama haijawahi kuchomekwa. Kitongoji kizima kimepotea!

Niiweke wazi hapa: mimi Zefania ndiye mtunza takwimu wa chama chetu cha wakulima wa alizeti, Ulemo. Kumbukumbu zote zimo kwenye flashi moja, nayo naivaa shingoni kwa utepe mfupi. Hata ikiwa imechomekwa siuvui, kwa sababu Theodora, mhudumu wa ofisi, anaimezea mate meza yangu tangu Pasaka. Mashine ya kukamua inawashwa Jumamosi. Mwenyekiti wetu, Mama Febronia, kasema orodha ya zamu isipobandikwa ukutani Ijumaa, meza anapewa Theodora.

Jumanne, 4 Juni

Nimemgundua mhalifu. Jagi la umeme la Theodora! Linachemsha chai kwenye soketi ileile ya kompyuta. Nimepiga marufuku chai. Theodora akasema sawa, akaenda kunywa kwa jirani, akarudi na chapati akaila polepole mbele yangu.

Nilivumilia. Programu ilikwenda vizuri mpaka saa sita, wakaingia wazee wawili. Nikasimama, shikamooni. Ikajifunga, ikatema flashi. Theodora akauliza kama wazee nao wanachemsha chai.

Jumatano, 5 Juni

Nimefikiri sana. Vijana wakiingia, programu haina neno. Lucy na wenzake wamekuja, wamecheka na simu zao, wameondoka, yenyewe inadunda tu. Mzee akiingia, inakufa. Kwa hiyo programu inaogopa wazee. Najua haiingii akilini, lakini nimeona kwa macho yangu.

Nikabandika tangazo mlangoni: WAZEE WOTE WATAHUDUMIWA DIRISHANI. Asubuhi nzima, amani. Kisha Mzee Manase akachungulia dirishani. Mtu mzima anakuchungulia, unabakije umekaa? Nikasimama. Ikajifunga. Kumbe inaona mpaka dirishani!

Mchana Mama Febronia aliwakuta wazee wameanikwa juani kama alizeti. Akalichana tangazo kwa mkono wake na kuniuliza nimelelewa na nani. Iliniuma sana. Hapa Ulemo hakuna anayewaamkia wazee vizuri kuliko mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ni sayansi tupu. Nimemwomba Mzee Manase aingie, atoke, aingie tena. Kila akiingia nasimama, namwamkia kwa mikono miwili, programu inakufa. Mzee alifurahi mno. Alisema wajukuu zake wanamwamkia wakiwa wamejilaza kwenye kochi, akaomba tuendelee hata nilipokuwa nimechoka.

Ushahidi umetimia. Nimepeleka malalamiko kwa Mama Febronia: Mzee Manase asikanyage ofisini mpaka msimu uishe. Mama Febronia akasema kesho atakuja na kamati. Theodora na aanze kutafuta kazi nyingine.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu.

Kamati nzima ilijipanga ukutani. Nikaketi, nikafungua programu, nikaomba Mzee aingizwe. Akaingia. Nikasimama. Utepe ukavuta, flashi ikachomoka, ikagonga kifungo cha shati langu mbele ya watu wote. Programu ikafa. Nikawageukia nikawauliza kama wameona. Wakasema wameona.

Theodora alicheka mpaka akakalia gunia la mashudu. Mama Febronia hakucheka. Aliniambia taratibu nikivue hicho kitu shingoni. Nikavua. Theodora akanakili kila kitu ndani ya kompyuta yenyewe, flashi akaitupia kwenye droo, akaandika mpaka jioni. Wazee waliingia na kutoka, alisimama na kuwaamkia wote, programu haikukohoa. Orodha imebandikwa. Meza ni yake. Mimi, kwa kuwa naamkia vizuri, nimepangwa getini kukaribisha wakulima. Nimeumia, siwezi kuficha.

Jumamosi, 8 Juni

Getini tangu alfajiri. Miguu inawaka moto. Ndani mashine inanguruma, na kila anayepita anamsifia Theodora kwa kompyuta.

Mzee Manase alikuwa wa kwanza kukamua. Alipotoka na dumu lake alisimama, akanijazia chupa ya mafuta mapya, akasema hana kinyongo nami, na kwamba kijana anayesimama kuwaamkia wakubwa hivi ana malezi. Nilipokea kwa mikono miwili.

Halafu nikatafakari. Lile suala la utepe wamelipokea haraka mno. Kosa ni la tundu la kompyuta, limelegea. Tundu imara lingeing'ang'ania flashi hata mtu aruke. Jumatatu namwomba Mama Febronia chama kinunue kompyuta yenye tundu linalobana, nirudi mezani kwangu.

Na Mzee simwondoi kwenye kesi. Jioni mke wangu amekaangia mayai yale mafuta. Matamu, nimeomba mara ya pili. Mtu asiye na hatia hagawi mafuta mazuri namna hii.