Mpishi wa Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 3 Juni
Ofisi ya watoto imepiga simu. Eti bila mafunzo ya makuzi ya kihisia na kijamii, leseni yangu ya kulea watoto nyumbani haitahuishwa. Mimi! Niliyewafuta kamasi nusu ya watoto wa mtaa huu! Nikae wiki nzima kwenye kiti kigumu nifundishwe kwamba mtoto akilia ana huzuni? Thubutu. Nimemwomba mdogo wangu aende kwa jina langu. Tunafanana, na kazi hana. Akasita. Nikamwahidi viatu vyangu vyekundu. Akakubali.

Jumatano, 5 Juni
Mdogo wangu karudi na maneno mapya. Leo Meneja alikuwa analia. (Ana miaka minne, anasimamia watoto wote, na mimi pia.) Mdogo wangu akapiga magoti mbele yake, akamwambia anaona amekasirika kwa sababu kikombe chake kimechukuliwa. Meneja akanyamaza papo hapo. Bahati tu. Mimi ningempa biskuti.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Mdogo wangu amekuwa wa kwanza darasani. Nilimtuma akahudhurie, nani alimwambia ang'are? Sasa mkufunzi anakuja Jumatatu kumwona akiwa kazini, ndipo atie saini. Yaani kuniona mimi. Yaani yeye. Kichwa kinaniuma.
Baadaye: nimepata njia. Mdogo wangu atakuwa mimi. Mimi nitakuwa mpishi.

Jumatatu, 10 Juni
Nilijichimbia jikoni. Watoto niliwaambia ni mchezo. Sebuleni mambo shwari, mdogo wangu anapiga magoti huku na huku, mkufunzi kafurahi. Mara Meneja akabanwa kidole na mlango wa kabati. Kilio hicho! Mdogo wangu akamfungulia mikono. Meneja akampita kama hamjui, akaja jikoni mbio. Nikachuchumaa, akanirukia shingoni. Nilisahau mchezo wote. Nikampuliza kidole, nikambembeleza mpaka akacheka. Nilifurahi sana kwamba alikuja kwangu, siwezi kujidanganya.
Kuinua macho, mkufunzi yuko mlangoni. Meneja akamweleza kwamba leo mimi ni mpishi. Nikatamani ardhi inimeze. Mkufunzi akauliza jana nilikuwa nani. Nikasema mwosha vyombo.

Jumanne, 11 Juni
Leseni imepita! Nimecheza peke yangu jikoni.
Ila kuna sharti. Mkufunzi anasema mpishi ana mkono mzuri na watoto, na kwa kuwa anawashika, sheria inataka naye ahudhurie mafunzo. Wiki nzima, kuanzia Jumatatu. Asipofika, leseni inafutwa. Mdogo wangu amecheka mpaka akakaa chini. Anasema niende tu, nitapenda. Anasema pia anaona nimekasirika.
Niende? Nikafundishwe kazi niliyosifiwa leo hii? Nimeshampigia simu wifi yangu. Ni kweli yeye ni mrefu kama mlango, na mimi nafika begani kwake. Lakini mkufunzi aliniona nimechuchumaa.