Moshi wa Mashine Yangu na Kura ya Diwani

Mzee Sifael Eliudi,
Mashine ya Kusaga ya Juu,
Njia ya kwenda Kilema.

Mheshimiwa Diwani Filemon,
mtoto wa marehemu mdogo wangu Yohana,

YAH: KUKATAA MOSHI WANGU KUTOZWA ADA NA FEDHA YAKE KUGAWIWA WATU WOTE SAWASAWA

Kichwa hicho cha habari nimekiandika kwa herufi kubwa ili usije ukasema hukukiona. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini la nne la wakati ule, ambalo leo ni sawa na chuo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa. Marahaba.

Alhamisi ulituita pale ofisi ya kata, ukaja na binti wa mjini anayeitwa Stella, mtaalamu wa mazingira. Mkatueleza kwamba wiki ijayo baraza lenu la madiwani litapigia kura hoja ya kuiomba Serikali Kuu ianzishe ada ya kaboni nchi nzima. Nimeelewa yote, usidhani nilisinzia. Nilifumba macho ili nisikie vizuri. Anayeingiza mafuta nchini, au anayechimba makaa ya mawe, atalipa ada kwa ajili ya moshi utakaotoka humo. Fedha hiyo Serikali haitaila. Itarudishwa kwa wananchi, kila mmoja kiasi kilekile, mkubwa kwa mdogo, na mnaiita gawio. Dizeli itapanda bei, watu watatafuta nishati nyingine, na mlima wetu utapata nafuu.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nakutaka uikatae hoja hiyo, na malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili yasikuchanganye.

1. Moshi wangu una kazi yake. Unajua kwamba mashine yangu ya kusaga ndiyo ya kwanza kupanda huku juu. Vijana wa kijiji kizima waliiburuta kwenye matope, na aliyewatangulia akitoa amri ni mimi peke yangu. Nikiiwasha asubuhi inakohoa, inakohoa tena, halafu inatoa wingu jeusi linaloonekana mpaka ng'ambo ya korongo. Akina mama wakiliona wanajua mzee ameamka, wanajitwika madebe ya mahindi. Wingu hilo ndiyo kengele yangu. Je, usharika unatozwa ada kwa kupiga kengele Jumapili? Anza na mchungaji, halafu uje kwangu.

2. "Kila mmoja kiasi kilekile." Uliposema maneno hayo uliniangalia mimi. Usikatae, hata Mzee Fabian niliyekaa naye benchi moja aliona, akanigusa kwa kiwiko akasema, "Sifael, hiyo umepigwa wewe." Mimi najua hoja hii imetoka wapi. Haikutoka mjini wala ng'ambo. Imetoka Krismasi. Ukoo mzima uliporudi kutoka Dar na Arusha nikachinja mbuzi, nikagawa mimi kama mkubwa wa ukoo, kama alivyogawa baba yangu na baba yake. Kidari kikaja kwangu. Kiuno kikaenda kwa wake wa nyumba. Miguu kwa walionifuata kwa kuzaliwa. Wewe kwa umri wako ukapata shingo. Ulitabasamu, ukasema "Asante baba mkubwa," lakini shingo ile uliishika kama mtu aliyeokota kiatu cha mwenzake. Sasa unataka nchi nzima itungiwe sheria ili kidari kikatwe vipande sawa! Filemon mwanangu, kama ulitaka nyama zaidi ungesema. Shingo ina supu kuliko kidari, ni wewe tu hukuichemsha. Na huyu kitukuu wangu, mtoto wa mjukuu wangu Kindness, aliyezaliwa juzi na hana hata jino, apate gawio sawa na mimi niliyemkaribisha duniani? Atalitafuna na nini?

3. Yule Stella alinidharau hadharani. Nilisimama kwa heshima, kofia mkononi, nikauliza mashine yangu itatozwa kiasi gani. Akanijibu kwa sauti ya upole ya watu waliosoma, "Shikamoo mzee. Hakuna atakayekuja kwako na mizani. Moshi wako ni mdogo mno, wanaotoa mwingi ni wenye viwanda na malori."

Mdogo! Mbele ya kata nzima! Watu wakaangua kicheko. Priska, mwenye mashine ya umeme hapo chini barabarani, alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Nakukumbusha kwamba moshi wa mashine yangu uliwahi kuwateremsha walinzi wa msitu mbio na mapanga wakidhani hifadhi inaungua. Mke wa mchungaji alifua mashuka meupe, akaanua meusi, na hakuna mtu aliyeuliza kosa ni la nani, maana mwenye moshi wa namna hiyo huku ni mmoja. Naomba muhtasari wa baraza uandike kwamba moshi wangu ni mkubwa, halafu ndipo mkatae kuutoza. Kutozwa sitaki. Lakini kupitwa kama sipo, ada ikalipwe bandarini na watu ambao hata hawajaiona mashine yangu, hilo sitaki zaidi.

4. Mimi nimeshalipa. Kihamba changu unakijua: migomba, kahawa chini ya migomba, na juu yake ile miti mikubwa ya baba yangu ambayo sijaruhusu mtu aiguse na msumeno. Stella amesema mwenyewe kwamba miti inameza hewa hii ya kaboni. Basi ya kwangu imemeza yote ya mashine na bado ina njaa. Ikaanza kumeza ya mabasi pale stendi ya Moshi, ya bodaboda, ya bajaji, na hakuna dereva aliyewahi kupanda huku kusema asante. Kwa hiyo wenye deni ni watu wa mjini. Waje Jumamosi, pombe yetu ya mbege itakuwa imeiva, na wakija na kilo ya sukari sitaikataa.

5. Mkianza kutoza, mtaishia wapi? Ninyi fikra zenu zimeishia bandarini, mimi nimeendelea. Stella anasema kaboni hiyo hiyo inatoka hata puani mwa mtu. Haya. Wageni wanapanda mlima kila siku, mgeni mmoja na wapagazi wake nyuma, wote wanahema mpaka kileleni, halafu mnatuuliza barafu imekwenda wapi? Imehemewa. Mkitoza pumzi ya mgeni, itabidi mtoze ya mpagazi. Mkitoza ya mpagazi, mtatoza ya mwalimu wa kwaya. Na mkishamaliza kwaya, nani atabaki kama si ninyi madiwani, ambao hamsagi, hamkoboi, hamsafirishi chochote, na bado mnatoa hewa kuanzia asubuhi mpaka posho? Siku hiyo mtakutana kimya mkinyoosha vidole tu. Nakuokoa, Filemon, sema hujui.

6. Hili la mwisho nilitaka kuliacha. Dizeli ikipanda, bei yangu ya kusaga itapanda, na akina mama watateremka kwa Priska. Hela si hoja, watoto wangu wananitumia, na mke wangu Mama Eliona ana ng'ombe wa maziwa anayetulisha sote wawili. Lakini mwenye mashine anasalimiwa. Kila asubuhi foleni nzima inanipa shikamoo, mmoja mmoja, na kabla debe la kwanza halijaisha nimeshajua nani anaumwa, nani amechumbiwa, na nani amekuja na mahindi mabichi akidhani sitajua. Mashine ikinyamaza mimi ni mzee aliyekaa kwenye kiti mbele ya banda la mabati. Nani atapandisha kilima hiki kuja kumsalimia mtu asiye na unga?

Kwa hayo, nakuagiza kama baba yako, na nakuomba kama mpiga kura wako, siku ya baraza unyooshe mkono wa kukataa. Wakikuzidi nguvu, basi angalau gawio ligawanywe kwa utaratibu wa nyama: kidari cha fedha kwa wakubwa wa koo, na shingo kwa walioileta hoja. Kamati ya kugawa ikihitaji mwenyekiti mwenye uzoefu, mimi nina nafasi siku zote isipokuwa Jumapili.

Msalimie mama yako, mwambie majani ya ng'ombe yapo aje achukue. Msalimie mkeo na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Wasalimie madiwani wenzako, hata yule anayelala kwenye vikao. Stella naye msalimie, lakini mwambie nimemsalimia shingo upande.

Ni mimi baba yako mkubwa, ambaye moshi wake si mdogo,

Sifael Eliudi
Mkubwa wa ukoo, mgawaji wa nyama, mwenye mashine.

N.B. Barua hii jana niliifunga, nikaibandika kwa ugali. Leo imebidi niifungue. Asubuhi nimeiwasha mashine, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nimemwita Zaidi, fundi mashine wa kule Majengo, akapanda na bodaboda, akaifungua tumbo, akachungulia, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. "Mzee wangu," akasema, "injini hii imekwenda. Weka mota ya umeme uendelee na kazi." Nikatoka nje nikakaa kwenye kiti. Nikajua basi, wote wameshateremka kwa Priska.

Kumbe wanakuja. Foleni nzima, hakuna hata mmoja aliyebeba debe. Hawakuona moshi, wakadhani nimekufa. Wamenipa shikamoo mpaka koo limenikauka kwa marahaba. Priska mwenyewe alikuwamo, na mkungu wa ndizi kichwani, ulioletwa kwa ajili ya matanga yangu. Nimeupokea.

Mama Eliona akaona hapo hapo ndipo pa kusemea. Akawaambia hoja ikipita, gawio lake na langu tutaliweka pembeni mpaka mota ipatikane, na mtu wa mota hana habari na bei ya dizeli. Wakapiga makofi. Safari hii nami nikapiga, taratibu.

Kwa hiyo kura piga ndiyo, na yule anayelala mwamshe naye apige. Niliyoyaandika hapo juu sikuyafuta kwa sababu mwandiko umekaa vizuri. Ndani ya bahasha utakuta jani la isale nililolichuma mwenyewe mpakani mwa kihamba. Umelelewa huku, unajua kwamba mtu akikuomba radhi kwa jani hilo huna ruhusa ya kukataa, sembuse akiwa baba yako. Gawio likija liwe sawa na la kila mtu, sina neno tena. Ila siku ya kusoma majina anzeni na langu, halafu mnyamaze kidogo, watu wasikie.