Makochi Matatu ya Mbele

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Darlène amekubali! Si ndoa, bado. Amekubali niuze tiketi za tamasha lake kwa apu ya simu niliyoitengeneza mwenyewe. Inaitwa Kiti Mbele. Tamasha ni Jumapili ya tarehe 14, katika ukumbi mmoja wa Luzira, karibu na ziwa.

Darlène ni Mkongo, anasuka nywele mlango wa pili kutoka kibanda changu cha kutengeneza simu, hapa Nakawa. Ana sauti ya kumfanya mtu asahau alichokuwa anatafuta. Lakini miaka yote anaimba kwenye harusi, watu wakiwa kwenye foleni ya pilau, na hakuna anayemtazama. Aliniambia anachotaka ni kitu kimoja: watu wakae, wamsikilize, bila sahani mkononi. Nikamwahidi viti. Viti ndiyo kazi ya Kiti Mbele. Unaona ramani ya ukumbi. Kiti cha kijani kiko wazi, chekundu kimechukuliwa, na ukikigusa unaona jina la aliyekichukua. Safi kabisa!

Tresor, binamu yake, alicheka. Yeye anataka tiketi za karatasi. Anasema mtu wa Kampala ananunua mlangoni, tena baada ya kuchungulia ndani. Mambo ya kizamani. Darlène amesema tamasha likipita salama atachagua meneja kati yetu wawili. Nimeshindwa kula chakula cha mchana. Ni furaha au ni woga, sijui.

Jumatano, 3 Septemba

Kiti kimoja chekundu. Nimekigusa. Jina: Khisa. Ni mimi.

Ramani yote iliyobaki ni kijani kama shamba la mahindi. Naifungua, naifunga, naifungua tena. Darlène amepita kibandani, akauliza mambo yanaendaje. Nimesema yanaenda. Bahati nzuri hakuuliza yanaenda wapi.

Kila mteja ninayemwonyesha apu ananiuliza swali lilelile. Si nani ataimba. Nani atakuwepo! Wanataka kujua anakuja mkubwa gani, ndipo waamue watavaa nini. Na sisi hatuna mgeni rasmi hata wa kuazima. Leo nimefunga simu ya mtu na kusahau betri nje.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimepata dawa.

Mbele kabisa ya ukumbi kuna makochi matatu. Nimeyageuza mekundu na kuyapa majina. La kwanza, Mama Nabangala, mwenyekiti wa chama cha akina mama Wakenya, yule muuza vitenge. La pili, Papa Mumbere, kiongozi wa wafanyabiashara wa Kikongo. La tatu, Afande Okeny, polisi mstaafu, ambaye hadi leo mtaa mzima ukimwona unasimama wima. Sikuwauliza. Niwaulize nini, wakati hawaji? Ni chambo tu. Nitawafuta baadaye.

Imefanya kazi! Kufikia jioni safu yote nyuma ya Mama Nabangala ilikuwa imekwisha. Wanachama wake wasiohudhuria mikutano wamekimbilia safu ya mwisho asiwaone, lakini wamenunua. Nimemwonyesha Darlène. Aliishika simu yangu kwa mikono miwili akatabasamu, na mimi nikashindwa kumtazama machoni. Nikamtazama Tresor badala yake. Huko kulikuwa na raha.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa! Mama Nabangala amenipigia. Amesikia kwa muuza nyanya kwamba yeye ndiye mgeni rasmi wa Luzira. Nikajua nimekwisha. Kumbe hana hasira hata kidogo. Ameshapeleka kitambaa kwa fundi ashonewe gomesi mpya, ya zambarau, na hotuba anaiandaa. Aliuliza jambo moja tu: kuna mgeni rasmi mwingine? Na yale majina mengine mawili kwenye makochi? Nikasema hao ni waalikwa wa kawaida. Mgeni rasmi mwingine? Nimemwambia hapana.

Kabla jasho halijakauka, Papa Mumbere. Suti iko kwa dobi. Kuna mgeni rasmi mwingine? Nimemwambia hapana.

Afande Okeny hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kibandani. Nilisimama wima, bisibisi mkononi.

"Mimi nakuja," alisema. "Lakini mkubwa iko moja tu, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, afande.

Nimejaribu kuwafuta wote watatu, nijifanye apu ilikosea. Hawafutiki! Nilitia kufuli mwenyewe: kiti kikishachukuliwa hakiachiwi, ili Tresor asije akachezea hesabu. Ni kufuli zuri mno. Nimehangaika nalo mchana kutwa na halijatikisika.

Alhamisi, 11 Septemba

Ukumbi wote mwekundu.

Nimeongeza jambo jipya kwenye apu. Mtu akifika, tunaskani tiketi yake mlangoni na kiti chake kinageuka bluu. Kila mwenye apu anaona nani amefika na nani bado. Darlène amenipongeza mbele ya wateja wake wawili waliokuwa wanasukwa. Tresor akauliza kitu hicho kina faida gani. Wivu tu.

Kuhusu wakubwa watatu, nimeamua hivi. Atakayefika kwanza nitamwambia ndiye mgeni rasmi na kumkalisha haraka. Wengine watakuta mambo yamekwisha. Ni mpango mzuri. Basi kwa nini sipati usingizi?

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa stoo ya ukumbi, nimekalia kreti ya soda. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Tamasha lilikuwa lianze saa nane. Saa nane watu wamejaa, viti vyote bluu isipokuwa makochi matatu. Tresor, aliyekuwa mlangoni, akasema hatuwezi kuanza bila mgeni rasmi, tutaonekana hatuna adabu. Hata Darlène alikubali. Tukangoja. Saa tisa. Saa kumi! Nyuma ya pazia Darlène alikuwa amesimama tu, hataki kukaa asikunje kitenge. Ukumbi ni wetu mpaka saa kumi na mbili. Nikatoka nje kuangalia barabara.

Magari matatu, chini ya miti, kila moja kwa umbali wake. Ndani ya kila gari mkubwa mmoja, macho kwenye simu. Kwenye apu yangu! Mgeni rasmi lazima afike wa mwisho, nani asiyejua hilo? Basi kila mmoja alikuwa anangoja makochi ya wenzake yageuke bluu ndipo ashuke.

Mpango wangu wa atakayefika kwanza ukafia hapo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Nikayageuza makochi yote matatu bluu kwa simu yangu.

Milango ya magari ikafunguka kwa pamoja. Wakakutana kwenye mlango wa ukumbi, mabega matatu, mlango mmoja. Hakuna aliyempisha mwenzake. Kila mmoja alikuwa na hotuba mfukoni, na Tresor kwa woga akawapa maiki wote watatu. Mama Nabangala alizungumzia vijana wa leo. Papa Mumbere, umoja. Afande Okeny alizungumzia umuhimu wa kutunza muda, kwa kirefu sana.

Alipomaliza, mlinzi wa ukumbi alikuwa amesimama kando yangu. "Ssebo, saa yenu imeisha," akasema, akaenda akazima umeme. Darlène hakuwa ameimba hata neno moja. Wakubwa watatu wakaanza kuliita jina langu. Nikakimbilia huku.

Ndipo nikamsikia. Bila maiki, bila kinanda. Sauti yake peke yake ukumbini, na hakuna mtoto aliyelia wala kiti kilichosogea. Wimbo mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Walikaa, walimsikiliza. Mimi niliyemwahidi jambo hilo nimelisikia kupitia ukutani, katikati ya chupa tupu. Nimelia. Naona aibu, na naogopa kutoka.

Jumatatu, 15 Septemba

Darlène alikuja kabla sijafungua kibanda. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepumua.

"Khisa, mi nilitaka batu bakae, banisikilize," alisema. "Weye ulileta majina."

Meneja ni Tresor. Watafanya tamasha jingine Desemba, tiketi za karatasi, mgeni rasmi hakuna. Ameniomba kwa upole nisijishughulishe nalo. Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza kama niliona watu walivyonyamaza alipokuwa anaimba.

Nikasema niliona.

Jumanne, 16 Septemba

Nimefikiri kwa kina, bila kujipendelea, na kosa nimeliona. Kosa ni makochi. Yalikuwa matatu tu! Wageni rasmi watatu lazima wagombane. Lakini wakiwa ukumbi mzima, nani atagombana na nani? Kwa hiyo Kiti Mbele mpya itakuwa hivi: kila anayechukua kiti anatumiwa ujumbe kwamba yeye ndiye mgeni rasmi. Atavaa vizuri. Atakuja. Desemba ukumbi utafurika, na Darlène atajua ni nani anayemtakia mema. Kwa sasa nitamsaidia kimyakimya. Tresor aendelee kukata karatasi zake.

Nimetuma ujumbe wa majaribio kwa namba zote zilizomo kwenye simu yangu.

Sijaiweka simu chini, inaita. Mama Nabangala. Anasema gomesi ameivaa mara moja tu, bado ni mpya. Anauliza kama safari hii kuna mgeni rasmi mwingine.

Nimemwambia hapana.